Nguzo kwa Nguzo: Jinsi Mgonjwa wa Moyo Anavyoweza Kutembea Kuutuliza Mcharuko wa Mishipa

"Mwanangu, moyo wangu ni mgonjwa, halafu wewe unataka niuchoshe?"

Swali hili nimeulizwa miaka yote niliyofanya kazi ya fiziotherapia. Safari hii lilitoka kwa mzee aliyewekewa stenti mbili, vibomba vya wavu vinavyoushikilia mshipa wa moyo wazi, wiki tatu kabla. Alikaa kwenye benchi, kanzu imepigwa pasi, fimbo ameiegemeza ukutani, na mkewe ndiye aliyemlazimisha kuja. Nyumbani wanawe walikuwa wamemwekea kiti barazani. Maji ya kuoga analetewa, redio analetewa, hata kandambili analetewa. Walifanya hivyo kwa mapenzi, na kwa mapenzi hayohayo walikuwa wanamlemaza.

Nilimjibu hivi, na ndivyo ninavyokujibu wewe unayesoma, uwe mgonjwa au unayeuguza. Mafuta mabaya ya damu, yale yanayoandikwa LDL kwenye majibu ya maabara, hupenya na kujificha ndani ya ukuta wa mshipa. Chembe nyeupe za damu zinakwenda kuyala, zinavimbiwa, zinafia humohumo, na zinapokufa zinaita wenzao. Hapo pana mcharuko. Unaujua mcharuko: ni ile hali ya jipu linapoiva, ngozi ikawa nyekundu, ya moto, imevimba, inauma. Tofauti ni kwamba ndani ya mshipa hauumi wala hauonekani, na unaweza kukaa miaka. Taratibu unalidhoofisha gamba linalofunika yale mafuta. Siku gamba likipasuka, damu inaganda juu yake, mshipa unaziba, na hilo ndilo shambulio la moyo. Stenti imefungua sehemu moja au mbili. Mishipa mingine yote bado ina mcharuko wake.

Mwaka 2017 utafiti wa CANTOS, uliowahusisha wagonjwa zaidi ya 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo, ulionyesha kwamba mcharuko wenyewe ukitulizwa, mgonjwa ananufaika. Walidungwa kanakinumabu, dawa inayozima ishara moja ya mcharuko bila kuigusa kolesteroli, na kwa dozi ya miligramu 150 mashambulio ya moyo, viharusi na vifo vya moyo vilipungua kwa asilimia 15. Hata hivyo, vifo vitokanavyo na maambukizi viliongezeka kidogo kwa waliodungwa. Baadaye kolchisini, dawa ya zamani ya gauti, ilijaribiwa kwa dozi ndogo ya miligramu 0.5 kwa siku, na katika baadhi ya tafiti ikasaidia pia. Hizo ni za daktari kuamua. Ila kuna njia moja ya kuutuliza mcharuko ambayo haihitaji duka la dawa, nayo ni miguu yako.

Msuli unapofanya kazi unamwaga kemikali kwenye damu. Mtafiti Bente Klarlund Pedersen na wenzake wa Copenhagen, Denmark, ndio waliozipa jina la mayokini. Mojawapo, IL-6, ikitoka kwenye msuli unaotembea huamsha kemikali nyingine zinazoupoza mcharuko. Hali hiyo hudumu saa kadhaa, kisha hupotea. Kumbuka hilo la saa kadhaa, kwa sababu mpango mzima unaofuata umejengwa juu yake. Njia ya pili ni kitambi: mafuta yanayozunguka utumbo na ini hutengeneza kemikali za mcharuko usiku na mchana, na kutembea huyapunguza hata kabla mizani haijaonyesha kitu. Ya tatu ni mshipa wenyewe: damu inapopita kwa kasi, ngozi laini ya ndani ya mshipa hulegea na kuacha kunasa vitu ovyo.

Kwanza, ujue moyo wako unaumwa nini

Ugonjwa wa moyo una sura nyingi. Mpango huu unamfaa mwenye mishipa ya moyo iliyosinyaa au kuziba, aliyewekewa stenti, aliyepandikizwa mishipa, na mwenye moyo uliopungua nguvu ambaye hali yake imetulia kwa dawa.

Kwetu Afrika Mashariki wako wengi ambao valvu zao, yaani milango ya moyo, ziliharibika utotoni kwa homa ya baridi yabisi. Mcharuko wao ni mwingine kabisa. Unaanzia kooni, mtoto akiugua mafindofindo ya bakteria wa streptokoka, kisha kinga ya mwili inaugeukia moyo. Huo hautulizwi kwa kutembea. Unazuiwa kwa sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne, na mwenye valvu iliyobana sana anaweza kuanguka akijilazimisha. Yupo pia mwenye mcharuko wa msuli wa moyo wenyewe, mara nyingi baada ya kuugua virusi. Huyo anatakiwa kuepuka mazoezi kwa miezi mitatu hadi sita, mpaka daktari amfungulie mlango.

Kwa hiyo kabla ya kununua raba, nenda kliniki na maswali haya umeyaandika: Ugonjwa wangu unaitwaje? ECHO, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, inasema moyo wangu unasukuma kwa asilimia ngapi? Kuna mshipa ulioachwa bila kuzibuliwa? Dawa ipi kati ya hizi inapunguza mapigo ya moyo? Naruhusiwa kuanza kutembea lini? Usione haya kuuliza. Daktari ana foleni ndefu, lakini majibu haya anayo kwenye faili lako na hayachukui dakika tano.

Aliyepasuliwa kifua ana la ziada. Mfupa wa kifua huchukua kama wiki 12 kushikana. Kutembea anaruhusiwa mapema, lakini ndoo ya maji ya lita 20 asiiguse, ni kilo 20 hizo. Asisukume geti zito wala kubeba mjukuu anayekuja akimkimbilia.

Pili, zijue siku za kukaa nyumbani

Usitembee kwa mazoezi ukiwa na homa, malaria, mafua mazito au kuhara. Usitembee kama kifua kimeanza kubana hata ukiwa umekaa, au kinabana mara nyingi kuliko wiki iliyopita. Hiyo ni safari ya hospitali. Kabla ya kuanza, namba ya juu ya presha ikisoma 180 au zaidi, au namba ya chini 110 au zaidi, ahirisha. Mwenye moyo uliopungua nguvu ajipime uzito kila asubuhi baada ya kwenda haja: akiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, miguu ikavimba au akahitaji mito zaidi kulala, maji yanajaa mwilini, amwone daktari kwanza. Mguu mmoja ukivimba na kuuma peke yake, usiukande, usiuchue, uende ukapimwe bonge la damu.

Tatu, andaa vitu vichache

Raba zinazokaa vizuri mguuni, kofia, chupa ya maji, na simu yenye chaji. Mwenye kidonge cha kuweka chini ya ulimi kifua kikibana (nitroglycerini) akiweke mfuko wa shati, asikiache kabatini. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi abebe glukosi au pipi. Kipande cha karatasi chenye jina lako, ugonjwa wako, dawa zako na namba ya mtu wa nyumbani kinakaa vizuri ndani ya kava la simu.

Wiki za mwanzo uwe na mtu wa kutembea naye. Mzee wangu yule alipewa mjukuu wa darasa la sita, mtoto hodari wa kuhesabu, nikafurahi.

Saa iwe ya ubaridi. Dar es Salaam, Mombasa, Tanga au Unguja, kuanzia Desemba hadi Machi, jua la saa tatu asubuhi tayari linaunguza. Tembea kumi na mbili hadi saa moja asubuhi, au jioni jua likipungua. Anayetumia dawa za kukojoa hupoteza maji haraka, hivyo joto kwake ni kali maradufu. Usitembee ndani ya saa moja au mbili baada ya mlo mzito, kwani tumbo nalo linadai damu. Mwezi wa Ramadhani, kama daktari amekuruhusu kufunga, wengi wanafanikiwa zaidi kutembea kidogo baada ya futari nyepesi kuliko alasiri wakiwa na kiu.

Nne, pima unapoanzia kwa nguzo za umeme

Hospitalini tuna korido iliyopimwa mita 30, na mgonjwa anatembea dakika sita tukipima umbali. Nyumbani huna korido, lakini mtaani kuna nguzo za umeme, na zimesimama kwa nafasi zinazokaribiana. Chagua barabara tambarare isiyo na pikipiki nyingi. Mwambie mwenzako aweke saa kwenye simu, dakika sita. Tembea kwa mwendo wako wa kawaida, ukichoka simama kupumua huku saa inaendelea, kisha endelea. Dakika sita zikiisha, andika ulifikia nguzo ya ngapi.

Mzee alifika ya tano. Alisimama mara mbili, mara ya kwanza akajifanya anamsalimia mtu upande wa pili wa barabara. Mjukuu aliandika kwenye daftari la hesabu: "Babu, nguzo 5, amepumzika 2." Ukurasa ule ndio uliokuwa mwanzo wake.

Tano, mwendo wenyewe

Anza polepole kwa dakika tano hadi kumi, kama mtu anayetoka msikitini au kanisani hana haraka. Mishipa inahitaji muda wa kufunguka, na mgonjwa anayeanza kwa kasi ndiye kifua kinambana.

Kisha ongeza mwendo mpaka uhisi joto na pumzi imepanda kidogo. Kipimo chako ni mdomo. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukiweza kusema sentensi nzima lakini huwezi kuimba, hapo ndipo, kaa hapohapo. Ukibaki unajibu "ndiyo" na "hapana" kwa sababu pumzi haitoshi, umezidisha, punguza. Nasisitiza mdomo kwa sababu wengi wenu mnatumia bisoprolol, atenolol au carvedilol, dawa zinazoshikilia mapigo yasipande. Saa ya mkononi itakuonyesha mapigo madogo, utadhani hujafanya kazi, utakimbia, na hapo ndipo hatari ilipo.

Malizia kwa dakika tano hadi kumi za mwendo wa pole tena. Usisimame ghafla wala kujitupa kitini. Damu imejaa miguuni, ukisimama ghafla presha inashuka, kizunguzungu kinakuja, na moyo unaweza kupiga ovyo. Maji ya baridi kali ya kuoga yasubiri pia mpaka mwili utulie.

Sita, panda ngazi ya wiki 12

Wiki mbili za kwanza, dakika tano hadi kumi za mwendo wa kati, mara mbili kwa siku, karibu kila siku. Kila wiki ongeza dakika mbili hadi tano, na uongeze muda kabla ya kuongeza kasi. Wiki ya sita wengi wanafika dakika 20 au 25 kwa mfululizo. Wiki ya 12 lenga dakika 30, siku tano za wiki. Hizo ni dakika 150, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani liliwashauri mwaka 2020 hata watu wenye magonjwa ya kudumu. Mwenye moyo uliopungua nguvu avunje vipande: dakika mbili anatembea, moja anapumzika, kisha ajumlishe. Wiki ikiwa ngumu, irudie. Hakuna anayekufukuza.

Hapa nataka tuelewane vizuri kuhusu jogging za Jumamosi. Nazipenda. Zimewatoa vijana vijiweni na zimewapa kinamama fulana moja na wimbo mmoja. Lakini mgonjwa wa moyo aliyekaa Jumatatu mpaka Ijumaa, kisha Jumamosi akakimbia mchakamchaka kilomita kumi kwa sababu rafiki zake wanakimbia, anaupandisha mcharuko kwa siku hiyo badala ya kuushusha. Na mtu asiyezoea, saa ile ya kujitutumua ndiyo saa ambayo hatari yake ya shambulio la moyo inapanda sana. Nimekwambia mayokini zinadumu saa kadhaa. Haziwezi kuwekwa akiba Jumamosi zitumike Alhamisi. Mwaka 1953 mtafiti wa Uingereza, Jerry Morris, na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London: makonda waliopanda na kushuka ngazi kutwa walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo kidogo kuliko madereva waliokaa. Makonda wale hawakukimbia popote. Walipanda ngazi, kila siku, wakikata tiketi.

Kutembea ni mfano tu. Baiskeli barabara tambarare, kuogelea (aliyepasuliwa asubiri kidonda kipone kabisa), kupanda ngazi, hata ngoma ya kwenye harusi ukiicheza kwa pumzi ya kuongea, vyote ni erobiki, mazoezi ya kupandisha pumzi kama kutembea. Kulima kwa jembe la mkono ni kazi nzito kuliko watu wanavyodhani, iache mpaka umefika wiki ya 12 na daktari amekubali.

Saba, kifua kikibana njiani

Simama. Kaa, hata kama ni kwenye ukingo wa mtaro. Kama umeandikiwa kidonge cha chini ya ulimi, weka kimoja. Dakika tano zikipita na maumivu hayajapungua, au yanazidi, au yanakwenda mkono wa kushoto na taya, na jasho jembamba linakutoka, hii ni dharura: mwenzako atafute gari, mwende hospitali yenye huduma ya dharura, msipite nyumbani kubadili nguo. Usiendeshe mwenyewe na usipande bodaboda. Kama huna mzio wa aspirini na hutoki damu tumboni, tafuna miligramu 300, yaani vidonge vinne vya 75.

Kinababa, hili msikilize. Aliyemeza dawa ya nguvu za kiume kama sildenafili asiweke kidonge cha chini ya ulimi ndani ya saa 24. Tadalafili inakaa mwilini muda mrefu zaidi, siku mbili kamili. Vikikutana presha inaporomoka. Mwambie daktari ukweli. Ameshasikia mengi, na siri hii imewahi kuua.

Nane, usiuwashe moto kwa mkono wa pili huku unauzima kwa wa kwanza

Magoti yanauma mtu akianza kutembea, na duka la dawa lipo kona. Anaulizia diclofenac au ibuprofen, na muuzaji anamwambia, kwa nia njema, "hii inatuliza uvimbe." Maneno yanafanana na ya kwangu, ndiyo maana nayaogopa. Dawa hizo hutuliza goti, lakini kwa mgonjwa wa moyo zinaongeza hatari ya shambulio, zinabakiza maji mwilini, na zinabana figo. Mzee wangu wiki ya nne alikuja miguu imevimba, pumzi fupi, nikadhani moyo umerudi nyuma. Mkewe akatoa mfukoni karatasi ya vidonge, nusu imeshatumika. Tulimrudisha kwa daktari, akasimamishiwa, akapewa parasetamoli, nami nikamfundisha kuimarisha mapaja kwa kuinuka na kukaa kitini mara kumi. Wiki mbili miguu ikawa imenyooka.

Sigara inauchochea mcharuko kila pafu. Fizi zinazotoka damu nazo ni mcharuko unaostahili daktari wa meno. Na vidonge vya kushusha kolesteroli, kama atorvastatin, visiachwe eti kwa sababu sasa unatembea. Vyenyewe hupunguza mcharuko pia, na kutembea kunafanya kazi pamoja navyo.

Tisa, kipimo cha damu ukikitaka

Kipo kipimo kiitwacho CRP, na kwa wagonjwa wa moyo kinatakiwa kile cha kiwango cha juu cha usikivu, kinachoandikwa hs-CRP. CRP ni protini ambayo ini huitengeneza mwili unapokuwa na mcharuko. Chini ya miligramu 1 kwa lita ni hali njema, 1 hadi 3 ni wastani, zaidi ya 3 hatari imepanda. Ikisoma zaidi ya 10, mara nyingi kuna maambukizi mahali fulani. Tafuta ugonjwa huo kwanza, tibiwa, kisha rudia baada ya wiki chache. Usipime wiki uliyougua malaria, wala siku moja baada ya kujichosha.

Waliohudhuria mazoezi tiba ya moyo mara nyingi hs-CRP yao hushuka, hasa walioanza nayo juu na waliopunguza kitambi. Wapo ambao haishuki. Kama ni wewe, usiache kutembea. Mazoezi tiba yamethibitika kupunguza shambulio jipya la moyo, kulazwa na kifo cha moyo, na mengi ya hayo hayaonekani kwenye namba moja ya maabara. Na kama fedha ni ya kubana, zitumie kwa dawa kabla ya kipimo hiki.

Kumi, ukikatizwa

Utakatizwa. Msiba kijijini, masika, malaria, arusi ya siku tatu. Mvua ikinyesha, zunguka sebuleni au simama na kukanyaga papo hapo ukisikiliza taarifa ya habari. Baada ya homa, subiri siku mbili tatu bila joto, kisha rudi wiki mbili nyuma kwenye mpango na upande tena. Ukiwa umekaa mwezi mzima, anza na nguzo zako za dakika sita kama mgeni.

Wiki ya 12 rudia kipimo cha dakika sita kwenye barabara ileile, saa ileile, na uende kliniki na daftari lako. Mzee alilileta lake limekunjika pembe, lina doa la chai. Ukurasa wa mwisho, kwa mwandiko wa mjukuu uliokwisha kunyooka: "Babu, nguzo 8, hajapumzika. Ameniuliza maswali ya jedwali njia nzima."